Mashati ya Kola Nyeupe

Mama Furaha hakuja mwenyewe. Alimtuma Furaha, binti yake mkubwa, na mfuko wa kitambaa cha buluu chenye maua madogo, pamoja na karatasi ya majina ya watu watakaovaa siku ya kuondoa matanga ya mume wake, Asukulu. Sisi watu wa Kivu ya Kongo tukifiwa, familia hukata kitambaa kimoja, na kila anayepewa kipande anajua amehesabiwa kuwa wa ndani. Asiyepewa anajua pia. "Mama anasema ushone weye," Furaha aliniambia akiwa amesimama mlangoni pa banda langu la kushonea hapa kambini Nakivale, Uganda, "hapana fundi mwingine." Akaenda zake. Nilisoma majina yale polepole, maana shule yangu ilikoma darasa la sita na maandishi ya mkono hunisumbua. Jina la mwisho lilikuwa langu. Mtu mwingine angeshukuru. Mimi niliinua kitambaa nikakigeuza upande wa pili, kama anayetafuta kasoro, nikajiuliza: huyu mama anajua nini?

Siku chache kabla, kanisani, jeneza likiwa bado mbele yetu, mchungaji aliuliza kama ilivyo desturi: mwenye neno na marehemu, aliyemkosea au aliyekosewa naye, aseme sasa, maana udongo ukishafunika hakuna wa kumjibu. Mzee mmoja alisimama akaomba radhi kwa ajili ya mbuzi wake waliokula majani ya mihogo ya marehemu, na watu wakacheka kidogo, kile kicheko cha kilioni kinachokatika katikati. Mimi nilitazama mikono yangu. Nilikuwa na neno kubwa kuliko mbuzi, na nilikuwa nimelibeba miaka mingi. Nilianza kuinuka, kisha mchungaji akasema, "Basi tuombe," na nafasi ikapita. Ndiyo sababu naandika. Sitaandika juu ya wazazi wangu wala jinsi tulivyokimbia mwaka wa tisini na sita. Hayo kila nyumba ya hapa ina yake. Nitaandika mwaka mmoja tu, wa mimi na Asukulu na mashati ya kwaya.

Mwaka ule tulikuwa tunashona mjini Mbarara. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na miwili, yeye amepita thelathini, ana mke na mtoto mdogo kambini. Ndiye aliyenifundisha cherehani, na ndiye aliyeniombea nafasi kwenye baraza ya Mama Atwine, mwenyeji wa mji ule mwenye duka la vitambaa. Mteja alinunua kitambaa ndani, akitoka nje anatukuta sisi wawili, Asukulu upande wa kulia wa mlango, mimi wa kushoto, na katikati yetu pasi ya makaa. Jumatatu asubuhi tulipanda lori la matoke kwenda mjini, Jumamosi tukarudi Nakivale, ili Jumapili Asukulu asimame mbele ya kwaya. Alikuwa kiongozi wa kwaya ya kanisa letu. Hakuwa na sauti kubwa, lakini alikuwa na mkono. Akiinua mkono wa kushoto, watu wa besi waliingia pamoja kama mlango unaofungwa taratibu.

Chumba chetu kilikuwa nyuma ya soko. Kulikuwa na godoro moja, alilolalia yeye kwa sababu ya mgongo, mkeka wangu, sigiri ya makaa, sufuria mbili, na kopo la sukari ambalo kwa miezi halikuwa na sukari ila tulilifungua kila asubuhi kwa mazoea. Tulikula bugali wa unga wa muhogo tuliobeba kutoka kambini, na ndagala kavu, dagaa wa kwetu, zilizokaangwa na kitunguu mpaka mwenye nyumba akalalamika harufu. Ukuta uliotutenga na jirani ulikuwa wa mbao, na jirani alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na mkewe. Walisema Kinyankore, lugha ya wenyeji, nasi tulikuwa tumeshajifunza cha kutosha. Kupitia mbao zile tulisikia nchi nzima. Usiku mmoja mwalimu alisema mshahara haujafika tena, kwamba redio imesema deni la nchi limekuwa zito na wenye kukopesha wanataka kila mtu akaze mkanda.

"Deni la nani?" mkewe akauliza. "Wewe ulikopa?"

"Mimi hata chumvi sikukopa."

"Basi waambie watoto wako wale deni."

Nilianza kucheka. Asukulu akaniwekea kiganja mdomoni. "Hapana cheka, mudogo," akanong'ona. "Ukicheka, batajua tunabasikia. Halafu banaanza kutuogopa."

Nimemkumbuka sana kwa neno lile. Wakati ule nililiona la mtu mwoga. Lakini mji wote ulikuwa umeanza kuogopana. Ushuru wa meza sokoni uliongezwa. Hospitalini mgonjwa aliambiwa anunue mwenyewe glavu na uzi wa kumshonea. Sukari ilipanda, mafuta ya taa yakapanda, sabuni ikakatwa vipande vidogo kama vya sadaka. Kambini nako kipimo cha mahindi kilipunguzwa, na waliotugawia walitueleza kwamba hata huko pesa zinakotoka kuna uhaba. Sisi mafundi tuliyaona hayo yote kiunoni mwa watu. Hakuna aliyeshona nguo mpya mwaka ule. Walileta suruali za kubana na mashati ya kugeuza kola, ule upande uliochakaa uende ndani. Nilipompima mtu ambaye nilikuwa nimempima mwaka uliotangulia, niliukunja utepe haraka ili asione. Na kwenye baraza mazungumzo yalibadilika. Watu walizungumzia kufunga maduka na kuandamana, lakini kwa sauti ya chini, na akipita mtu wasiyemjua wanageukia mvua. Ilisemekana wapelelezi wamejaa sokoni. Ilisemekana pia kwamba waandamanaji wanashonesha sare mahali fulani, ili wajuane. Sisi wakimbizi tulikuwa tumeonywa mara nyingi: mambo ya wenyeji tusiyaguse, atakayeonekana humo atajuta. Na sisi hatukuhitaji sana kuonywa. Tulitoka mahali ambapo neno moja lililosemwa kwa mtu asiyefaa lilimaliza nyumba nzima.

Katikati ya njaa ile ya kazi ndipo kanisa lilipotupa kazi ya mashati ya kwaya. Kulikuwa na mkutano wa kwaya unakuja huko Ngarama, na kina mama wa kanisa letu walikuwa wamelima mashamba ya watu msimu mzima ili waimbaji wasiende na nguo za viraka. Mashati thelathini na sita, rangi ya kijani, kola nyeupe. Tulibeba kitambaa cha kijani mabegani kutoka dukani kwa Mama Atwine mpaka kwenye cherehani zetu, hatua nne tu, lakini nilitembea kama ninavuka mji. Cheupe tuliamua tukichukue mwishoni, kisichafuke na vumbi la baraza. Kwa mara ya kwanza mwaka ule mkasi wangu ulikata kitu kipya. Sijui kama asiyeshona anaweza kuielewa furaha hiyo. Baada ya miezi ya kola za kugeuza, sauti ya mkasi kwenye kitambaa kizima ilinilewesha, na mlevi husema.

Jumanne alikuja mtu mmoja. Asukulu alikuwa amekwenda kununua makaa. Mgeni huyo alikuwa Mnyankore wa makamo, mpole, amevaa viatu vya kahawia vilivyong'arishwa vizuri, na ameleta suruali ya kubana kiuno. Alikaa kwenye kiti cha wateja akatazama rundo la kijani.

"Fundi, wewe iko na kazi mingi," alisema. "Watu wote wanalia, wewe unashona."

"Mungu anasaidia, sebo," nikasema, nikimwita bwana kwa lugha yao.

"Mashati yote ni sawasawa. Ni ya watu gani?"

Ningesema kanisa. Ningesema kwaya. Lakini nilitaka aendelee kunistaajabia, na nikaona neno kwaya litaipunguza kazi. "Ni ya kikundi," nikasema. "Thelathini na sita. Bado tutaweka kola nyeupe."

"Nyeupe? Hiyo itapendeza sana."

"Utawaona wiki ijayo. Wakitembea pamoja utajua fundi ni nani."

Akacheka, akasifu mishono yangu, akasema atarudi kuchukua suruali. Asukulu aliporudi na makaa alimpita njiani. Alimtazama mpaka akakata kona.

"Huyu mutu alitaka nini?"

"Suruali, mukubwa. Kubana kiuno."

"Kiuno chake hakikupunguka," Asukulu akasema.

Siku iliyofuata yeye mwenyewe alikwenda kituo cha polisi. Hakuficha, alikuwa amemshonea afande mmoja suruali, akaenda kumpelekea. Alirudi na sukari kwenye kipande cha gazeti, kiasi cha kujaza vikombe viwili vikubwa. Afande hakuwa na pesa kamili, akamaliza kwa sukari. Asukulu aliimimina ndani ya kopo letu taratibu, akapigapiga gazeti ili punje za mwisho zianguke, akaniambia, "Sasa hii kopo imepata kazi." Tulikunywa chai tamu usiku ule, na mimi niliifurahia. Naliweka wazi hilo. Sukari haikunitia shaka nilipokuwa ninainywa.

Polisi walikuja Alhamisi, mchana, wanne. Barabara ilinyamaza kabla hawajafika kwetu.

"Nani mkubwa hapa?"

"Ni mimi, afande," Asukulu akasema, akasimama.

"Yako wapi mashati ya kola nyeupe? Yale ya kuandamana."

"Haiko mashati ya kuandamana, afande. Ni ya kwaya. Ya kanisa."

"Kanisa gani? Nyinyi wakimbizi, mumepewa shamba ya kulima, sasa munaleta siasa. Mimi nimeuliza kola nyeupe. Wapi kola?"

Mama Atwine alitoka akajifuta mikono. "Afande, hawa ni watu wa Mungu. Kuimba tu. Hata pombe hapana kunywa."

"Nyabo, kaa kimya, ama tutafunga na duka."

Walikusanya mashati yote ya kijani, yaliyoshonwa mikono na yasiyoshonwa, wakayatupa kwenye gari yao, wakatupa na cherehani ya Asukulu, kisha Asukulu mwenyewe. Mimi hawakunigusa. Sikuuliza kwa nini. Yale maneno ya kola yalinipita, maana macho yangu yote yalikuwa kwenye cherehani yangu, wasije wakaichukua nayo.

Kesho yake mji ulifunga. Mama Atwine alishusha mlango wa chuma na mimi nikiwa ndani, tukakaa gizani juu ya majora ya vitambaa na kuchungulia kwenye tundu la kufuli. Wanawake wa sokoni walipita wameshika sufuria tupu zilizopinduliwa, wakizigonga kwa vijiko. Walimu walipita wakiangusha chaki barabarani na kuzikanyaga, na nyuma yao barabara ikabaki nyeupe. Hakuna aliyevaa sare. Nilimwona mke wa jirani yetu na sufuria yake, anaimba, nikashangaa kwamba mtu niliyemsikia akinong'ona mwaka mzima ana sauti kubwa hivyo. Kisha tukasikia milipuko ya mabomu ya machozi, na moshi ukaingia chini ya mlango. Mama Atwine alirarua kitambaa, akakilowesha kwenye chai, akanipa nusu nijifunike pua.

"Etiene," alisema ndani ya kitambaa chake, "nani alipeleka habari ya mashati kwa polisi?"

"Sijui, Mama."

"Jumatano rafiki yako alienda polisi. Nikaona anarudi na sukari." Akakohoa. "Mwaka huu, nani anapewa sukari bure?"

Mimi nilijua haikuwa bure. Lakini moshi, na giza, na sauti ya watu wanaokimbia upande wa pili wa chuma. Shaka ilipata mahali pa kukaa. Nilianza kuzihesabu safari zake zote za kituoni tangu mwaka uanze, kisha ukimya wake wote.

Jioni ile aliachiliwa. Alikuja na cherehani ameifunga nyuma ya baiskeli ya kukodi, mashati hayakuwepo. Hakuwa na alama ya kupigwa.

"Balikuachia?"

"Baliniachia."

"Juu ya nini?"

"Yule afande niliyemushonea suruali alinijua. Akasema mimi ni fundi tu." Alikaa kwenye godoro, akavua viatu, akatazama vidole vyake kana kwamba ni vya mtu mwingine. Mashati hayatarudi, alisema. Wamesema ni ushahidi. Kisha akachemsha chai, akafungua kopo, akaanza kuniwekea.

"Hapana," nikasema. "Leo nakunywa kavu."

Kijiko kilibaki hewani. Alinitazama, akarudisha sukari ndani ya kopo, na yake pia akainywa kavu. Upande wa pili wa mbao mwalimu alikuwa anamwosha mkewe macho kwa maji, na mke anacheka na kulia pamoja. Sisi tukazima taa.

Jumamosi, kambini, kabla sijala chochote, nilikwenda kwa Mzee Lubunga, mkubwa wa wazee wa kanisa. Nilimwambia habari ya sukari. Sikusema Asukulu ni mpelelezi. Nilitaja kituo, sukari, na kuachiliwa baada ya usiku mmoja tu, na yaliyobaki Mzee akayajaza mwenyewe, kama nilivyotaka ayajaze. Kwenye bomba la maji wanawake walikuwa tayari wanauliza nani aliyekula jasho lao. Ilipofika Jumapili jioni, Mama Furaha akifika bombani, mazungumzo yaligeukia mvua.

Jumanne iliyofuata, yule mteja wangu alirudi kuchukua suruali. Nilikuwa peke yangu barazani, Asukulu amebaki Nakivale akingoja kuitwa na wazee. Mteja alikuja amevaa sare ya polisi. Alichukua suruali, akaikunjua, akaitazama kiunoni, akaikunja tena.

"Pole kwa kola zenu, fundi," alisema kwa upole uleule. "Nyeupe ingependeza. Lakini wewe ni rafiki. Wewe unaongea vizuri."

Hakulipa. Alipoondoka niliingia ndani ya duka. Jora la kitambaa cheupe lilikuwa kwenye rafu pale pale lilipokuwa, halijaguswa. Hakuna kola iliyokuwa imekatwa siku ile ya polisi. Hakuna jicho lililokuwa limeona kola nyeupe popote. Walikuja kutafuta kitu kilichokuwepo kinywani mwangu tu. Nilisimama mbele ya rafu mpaka Mama Atwine akauliza kama ninaumwa. Nikasema tumbo.

Basi nilikuwa najua. Nilijua siku tano nzima kabla ya kikao, na hilo ndilo mkasi wangu haujawahi kulikata. Kama ningekosea bila kujua, ningekuwa mjinga tu, na mjinga anasamehewa. Kikao kilifanyika Jumapili, baada ya ibada, kwenye chumba cha nyuma cha kanisa, kuta za udongo, dari ya turubai iliyokuwa inapumua kwa upepo. Wazee walikuwa watano. Tulipewa chai kavu na muhogo wa kuchemsha, na nakumbuka Mzee Lubunga aliumenya wake kwa makini sana, kama anayetafuta hukumu ndani yake.

"Asukulu, ulisema na bapolisi habari ya mashati?"

"Sikusema, Mzee. Nilipeleka suruali, nikarudi."

"Na sukari?"

"Ilikuwa malipo."

"Etiene." Wote wakanigeukia. "Weye ulikuwa naye kila siku. Ulimusikia anasema?"

"Hapana, sikumusikia."

"Lakini inawezekana alisema?"

Turubai lilipanda, likashuka. Nilifikiria wanawake wa bombani. Nilifikiria watu wa kambi wakijua kwamba neno lilitoka kwangu, wakininyamazia kila mahali, na jina la mpelelezi likinifuata mpaka kwa watoto ambao bado sikuwa nao. Nilifikiria pia, na hili ni la aibu zaidi, ule upande wa kulia wa mlango wa Mama Atwine, ambao wateja huufikia kwanza.

"Sijue," nikasema.

Asukulu aligeuka akanitazama. Hakukasirika. Alitazama kama fundi anavyotazama mshono wa mwanafunzi wake, akitafuta ulipopindia. Wazee walimweka chini ya adabu ya kanisa miezi sita. Kwetu maana yake ni hii: hushiriki meza ya Bwana, husimami na kwaya, na unakaa benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango, ambapo kila anayeingia anakuona na kujua. Kwaya haikwenda Ngarama.

Mama Atwine hakutaka tena mtu aliyeletewa polisi barazani pake. Asukulu alikuja mjini mara moja tu, kuchukua vitu vyake. Alikunja godoro, akagawa sufuria, yake na yangu, akafunga cherehani. Kopo la sukari aliliacha kwenye dirisha. Nilimwambia, "Mukubwa, umesahau kopo."

"Ibaki na weye," akasema. "Miye sasa nakunywaka kavu."

Nimeligeuza neno hilo miaka yote hii, upande huu na upande ule, kama kola iliyochakaa pande zote mbili. Pengine alijua. Pengine alikuwa amechoka tu na sukari. Nilihamia upande wa kulia wa mlango, wateja wakanifikia kwanza, na ile sukari ikagandamana kwenye kopo mpaka ikawa jiwe. Watu wa mji baadaye walifungua maduka, ushuru ukapunguzwa kidogo kisha ukarudishwa, na mwalimu na mkewe wakahama. Miezi sita ilipoisha mchungaji wa wakati ule alimwita Asukulu mbele, akatangaza adabu imekwisha. Asukulu alisimama pale pale, akashukuru, akakaa tena. Benchi la nyuma. Hakurudi mbele mwaka ule wala mwaka mwingine wowote. Kwaya ilipata kiongozi mwingine, na Asukulu akaimba besi yake kule mlangoni, peke yake, chini chini. Mimi nilikaa safu ya tatu. Nilimsikia kila Jumapili, na kila Jumapili nilijiuliza kama anaimba au ananiita.

Nilizimaliza nguo za buluu siku ya Alhamisi, nikazipeleka mwenyewe. Mama Furaha alikuwa anatwanga sombe, majani ya mihogo, nyuma ya nyumba. Alinipa kigoda, akaendelea kutwanga, na nikamweleza yote hapo, toka viatu vya kahawia mpaka lile neno moja la kikaoni. Sikuficha habari ya upande wa kulia wa mlango. Nilipofika kwenye jora jeupe rafuni, mchi ulisimama.

"Miye nilijua kama iko mutu," alisema. "Sikujua ni weye."

"Na yeye? Alijua?"

"Hakunisemea. Ule mwaka hakusema kitu. Na juzi, alipokuwa analala hospitali huko Mbarara, njo alisema: Etiene ashone, na jina lake muliweke." Akafuta majani kwenye mchi kwa kidole. "Nikafikiri ni juu ya urafiki. Sasa sijue ni juu ya nini."

"Unisamehe, Mama Furaha."

"Mimi si kanisa, Etiene. Mimi sikumukalisha nyuma." Akainua mchi tena. "Nguo acha hapo. Yako vaa."

Siku ya kuondoa matanga niliivaa. Kanisa lilijaa buluu. Ulipofika wakati wa ushuhuda nilinyoosha mkono, nikapita mbele, nikasema. Lakini waliokuwa wanajua hawakuwepo tena. Mzee Lubunga alikufa zamani, wazee wengine wawili wamelala makaburini, wengine wamepelekwa ng'ambo kuishi kwenye theluji. Wanawake waliolima kwa ajili ya mashati ni wachache, na masikio yao yamekwisha. Mchungaji ni kijana aliyezaliwa hapa hapa kambini. Walinisikiliza kwa heshima, kama wanavyosikiliza habari za zamani. Nilipomaliza walisema amina. Mama mmoja akasema haleluya. Mchungaji akanishukuru kwa ushuhuda mzuri, kiongozi wa kwaya akainua mkono wake wa kushoto, na kwaya ikaimba.

Nilishuka nikapita safu ya tatu, nikaenda mpaka mlangoni. Benchi la nyuma lina upande mmoja ambao mbao yake imelainika, imeingia ndani kidogo kwa kukaliwa. Nilikaa upande wa pili. Mama Furaha aligeuka mara moja akanitazama, kisha akatazama mbele. Hakuna aliyeniambia nikae pale, na mpaka leo hakuna aliyeniambia niondoke.